Posta ya Shoti: Jinsi Pony Express Ilivyokimbilia Zabuni

Septemba 9, 1850 California ilikubaliwa kuwa jimbo la 31 la Marekani. Watu wa San Francisco walizipata habari hizo Oktoba 18, meli ya moshi iitwayo Oregon ilipoingia bandarini imepambwa bendera. Kwa siku 39 walikuwa raia wa jimbo kamili, maseneta wao wameshakaa vitini Washington, na wao wenyewe hawana habari.

Ndivyo posta ilivyokuwa. Dhahabu iliyoonekana Januari 1848 kwenye kinu cha kupasulia mbao cha John Sutter ilivuta maelfu kwa maelfu ya watu hadi upande wa pili wa bara, na kati yao na jamaa zao waliowaacha mashariki palikuwa na mbuga zisizo na mwisho, milima ya Rocky, jangwa la Great Basin na safu ya Sierra Nevada. Barua haikuthubutu kupita huko. Iliteremshwa kwa meli hadi Panama, ikavushwa nchi kavu kwa mitumbwi na nyumbu, na baadaye kwa reli iliyokamilika 1855, kisha ikapakiwa meli nyingine. Mambo yakienda vizuri ilichukua wiki tatu au nne.

Wapo waliojaribu kukata katikati. Mwaka 1851 George Chorpenning na Absalom Woodward walipata kandarasi ya kupeleka barua kati ya Sacramento na Salt Lake City kwa nyumbu. Woodward hakuumaliza mwaka, aliuawa njiani. Kuanzia 1856 mhamiaji mmoja kutoka Norwei, John Thompson, alivuka Sierra Nevada kila majira ya baridi kwa mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, mfuko wa barua mgongoni, na aliifanya kazi hiyo kwa karibu miaka 20. Baadaye alikwenda kudai malipo Washington, akarudi mikono mitupu. Kama historia ya posta ya magharibi ingetafuta shujaa wake kwa haki, ningempigia kura Thompson. Ila hakuwa na farasi, wala kampuni ya kumtangaza.

Kandarasi nono ilikwenda kwingine. Mwaka 1858 John Butterfield alianza kuendesha magari ya abiria ya kukokotwa na farasi kutoka Missouri hadi San Francisco kwa siku 25 au pungufu, kwa malipo ya serikali ya dola 600,000 kwa mwaka. Njia yake ilizunguka kusini kabisa, ikapita Texas na mpakani mwa Mexico, umbali wa kilomita 4,500 hivi. Watetezi wake walisema njia ya katikati, ile fupi, hufungwa na theluji. Wapinzani walisema Waziri wa Posta, Aaron Brown, ni mtu wa Tennessee na anawapendelea watu wa kusini wenzake. Nchi ilikuwa inaelekea kwenye vita juu ya utumwa, na hata njia ya barua ilikuwa siasa.

Katika mabishano hayo ndipo ilipojitokeza kampuni ya Russell, Majors na Waddell. Hawa walikuwa wasafirishaji wakubwa kupita wote wa nyikani, wenye maelfu ya maksai na mikokoteni, na mteja wao mkuu alikuwa jeshi. Kwa sura walikuwa matajiri. Kwa vitabu vya hesabu, maji yalikuwa yamewafika shingoni. Mwaka 1857 serikali ilipotuma askari kuwatiisha Wamormoni wa Utah, kampuni ilibeba vyakula na zana zao. Wapiganaji wa Kimormoni wakaichoma moto misafara mitatu, serikali ikasita kufidia hasara. Kisha William Russell, aliyekuwa mwepesi wa kukopa na mwepesi zaidi wa kuahidi, akaanzisha huduma ya magari ya abiria kwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Denver. Nayo ikala fedha bila kurudisha.

Majira ya baridi ya 1859 kuingia 1860 Russell alikuwa Washington, akizungumza na Seneta William Gwin wa California. Hoja ilikuwa rahisi: mtu akionyesha kwamba barua inaweza kupita njia ya katikati mwaka mzima, kiangazi na theluji, kwa kasi ya kuwaacha watu vinywa wazi, Kongresi itakuwa na sababu ya kumpa kandarasi ya posta. Alexander Majors na William Waddell walipinga, wakasema shughuli hiyo haiwezi kujilipa. Russell akawajibu kwamba neno lake ameshalitoa. Wakakubali, na katika muda usiofika siku 70 wakaijenga njia nzima ya posta ya farasi walioiita Pony Express.

Naisisitiza nukta hii kwa sababu ndiyo inayosahauliwa. Pony Express haikuanzishwa kwa sababu kuna mtu aliyepiga hesabu akaona barua za farasi zina faida. Ilikuwa maonyesho ya kuombea zabuni. Kila kijana aliyeanguka na farasi wake mtoni, kila mlinzi wa kituo aliyekufa jangwani, alikuwa sehemu ya maombi yaliyopelekwa mezani kwa wabunge.

Wazo lenyewe la kupokezana farasi lilikuwa la kale. Waajemi walilitumia, Wamongolia walilieneza Asia nzima, na Sultani Baybars wa Misri katika karne ya 13 alipata barua za Damascus akiwa Cairo kwa siku nne. Tofauti ni kwamba hao walikuwa wafalme wenye hazina. Hapa palikuwa na kampuni yenye madeni.

Njia ilianzia St. Joseph, Missouri, mji ambao reli ya kutoka mashariki ilikomea, hadi Sacramento, zaidi ya kilomita 3,000. Ilifuata mto Platte kupita Fort Kearny na Fort Laramie, ikavuka milima ya Rocky kwenye pengo la South Pass, ikateremka Salt Lake City, ikaingia jangwani hadi Carson City, ikapanda Sierra Nevada na kushuka California. Vituo vilikuwa zaidi ya 150 na baadaye vikakaribia 190, kimoja na kingine vikiachana kilomita 16 hadi 24 kulingana na ardhi, kwa kuwa huo ndio umbali ambao farasi anaweza kwenda mbio bila kuharibika. Farasi walikuwa 400 au zaidi, wengine wakinunuliwa kwa bei ya hadi dola 200. Mpandaji alibadilisha farasi kila kituo, na baada ya kilomita 120 hadi 160 akampokeza mwenzake. Ahadi kwa umma ilikuwa siku kumi.

Kifaa kilichowezesha haya kiliitwa mochila, neno la Kihispania. Ni kipande kipana cha ngozi ngumu, kimetobolewa ili kipenyeze sehemu mbili za tandiko zilizoinuka mbele na nyuma, na kwenye pembe zake nne zimeshonwa mifuko minne ya ngozi. Mitatu ilipigwa kufuli, na funguo zilikuwa kwa mawakala wa vituo vikubwa tu. Wa nne ulibaki wazi kwa barua za njiani na karatasi ya kuandikia saa. Mochila haikufungwa kwa kamba wala kwa kigwe. Uzito wa mpandaji ndio ulioishikilia. Tarishi akifika kituoni aliruka chini akaichopoa, akaitupa juu ya farasi aliyekwisha tandikwa, akaikalia, akatimka. Kanuni ilimpa dakika mbili. Mzigo wote wa barua haukutakiwa kuzidi ratili 20, yaani kilo tisa, kwa hiyo watu waliandika kwenye karatasi nyembamba sana, na bahasha zikaviringishwa katika hariri iliyopakwa mafuta zisilowe mtoni.

Bei ilikuwa dola 5 kwa kila nusu wakia. Barua ya kawaida kwenda California ilikuwa senti 10. Tarishi mwenyewe alilipwa dola 50 hivi kwa mwezi pamoja na chakula na malazi, kwa hiyo barua moja tu ilimeza ujira wake wa siku tatu. Wateja, basi, walikuwa magazeti, mabenki, wafanyabiashara na serikali. Mchimba dhahabu aliyetaka kumsalimu mama yake aliendelea kutumia meli.

Safari ya kwanza iliondoka St. Joseph jioni ya Aprili 3, 1860, na ilianza kwa kuchelewa. Mjumbe aliyeleta barua kutoka mashariki alikosa treni yake ya kuunganisha, ikabidi watu wa reli waisafishe njia na kulikimbiza garimoshi moja kuvuka Missouri nzima ili kufidia saa zilizopotea. Umati ulikuwa umesubiri mchana kutwa. Hatimaye tarishi akapanda pantoni kuvuka mto Missouri hadi upande wa Kansas, akaishia gizani. Nani alikuwa yule? Wengine husema Johnny Fry, wengine Billy Richardson, na ubishi haujaisha mpaka leo. Katika mji mzima uliojaa watu waliokwenda kumtazama, hakuna aliyeandika jina kwa namna ya kuumaliza ubishi. Barua zikafika Sacramento Aprili 13. Siku kumi, kama walivyoahidi.

Sifa zote zimekwenda kwa waliokuwa juu ya tandiko, lakini mashine ilikuwa kituoni. Bila mtu wa kumlisha farasi nafaka, kumchota maji na kumtandika kabla mwenzake hajatokeza, mpandaji hana lake. Nafaka hasa ndiyo iliyokuwa silaha: farasi aliyeshiba nafaka alimshinda mbio yule aliyekula majani ya nyikani, na matarishi wengi waliokoka kwa hilo kuliko kwa bastola. Lakini nafaka hiyo, katika jangwa ambalo halikuota kitu, ilibidi iletwe kwa mikokoteni kutoka mbali, na huko ndiko fedha zilikoteketea.

Mmoja aliyeviona vituo hivyo kwa macho ni mtu anayefahamika pwani yetu. Richard Burton, yule Mwingereza aliyefikia Unguja na mwaka 1857 akaondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, pamoja na John Speke na Sidi Mubarak Bombay hadi wakaufikia Ujiji mwezi Februari 1858, alijitokeza St. Joseph Agosti 1860 na kukata tiketi ya gari la farasi kwenda kuwatazama Wamormoni. Kitabu chake, The City of the Saints, kilitoka 1861. Ungetarajia mtu aliyelala makambini Unyamwezi akiwa hoi kwa homa asilalamikie kitanda. Alilalamika kwelikweli: nzi, chakula kibaya, watu kulala chini kwenye vumbi. Oktoba 1860, katika jangwa la Nevada, alifika kituo cha Sand Springs akakuta kuta za mawe zisizo na paa, hakuna kiti, uchafu umetapakaa na moto unafuka moshi pembeni. Mchanga ulikuja kukifukia kituo hicho, na wachimbaji wa mambo ya kale walipoufukua miaka ya 1970 zile kuta zilikuwa zimesimama, vyumba vidogo vilivyopangwa kuzunguka zizi. Maji ya kisima cha hapo yalikuwa machungu kwa chumvi. Huko ndiko vijana wawili watatu walikokaa miezi, kazi yao ikiwa kungojea dakika mbili.

Neno kisima linatufikisha kwa wenye nchi. Great Basin ina chemchemi chache, na kila moja ilikuwa na watu wake, Wapaiute, Washoshone na Wagoshute, waliozunguka kutoka maji hadi maji kwa majira. Kituo cha posta hakiwezi kujengwa mbali na maji. Kwa hiyo kampuni, pasipo kumwomba mtu ruhusa, ilikaa juu ya chemchemi moja baada ya nyingine. Juu ya hayo, fedha ya madini ilikuwa imegunduliwa 1859 upande wa magharibi wa Nevada, wachimbaji wakamiminika na kukata misonobari ambayo mbegu zake zilikuwa akiba ya Wapaiute ya msimu wa baridi. Na baridi ya mwaka ule ilikuwa kali.

Viongozi wa Wapaiute walikutana Pyramid Lake masika ya 1860. Numaga, aliyewajua wazungu vizuri, aliwasihi watu wake wasipigane. Wakiwa bado wanashauriana zikaja habari kwamba wanaume wa kituo cha Williams, kando ya mto Carson, wamewateka mabinti wawili wa Kipaiute na kuwaficha. Sarah Winnemucca, binti wa Chifu Winnemucca, alikisimulia kisa hicho katika kitabu chake cha 1883. Mei 7 ndugu za mabinti walikiteketeza kituo na kuwaua waliokuwamo. Siku tano baadaye, wanamgambo 105 chini ya Meja William Ormsby waliokwenda kulipiza kisasi waliingia mtegoni karibu na ziwa. Zaidi ya 70 waliuawa, Ormsby mwenyewe akiwamo. Jeshi likaja Juni. Katika majuma hayo vituo kadhaa vya jangwani vilichomwa, farasi wakaswagwa, watunzaji wakauawa, na huduma ikasimama kwa muda. Hasara ilikuwa kama dola 75,000, kwa kampuni ambayo haikuwa nazo.

Siku hizo ndipo Robert Haslam, kijana mzaliwa wa London, alipojipatia jina. Alifika mwisho wa zamu yake, mwenzake akakataa kupokea mochila hata alipoongezewa fedha, basi Haslam akaendelea hadi kituo cha Smith's Creek, akapumzika, kisha akarudi na barua za upande wa pili. Njiani akapita Cold Springs: alipopita mara ya kwanza alibadilisha farasi hapo, sasa alikuta mlinzi ameuawa na farasi hawapo. Kwa maelezo yake alikwenda kilomita 610 kwa jumla. Mwaka huo huo wa 1860 mfuko mmoja ulipotea kabisa. Barua zake zikaonekana 1862, zikapelekwa New York zikiwa na maandishi kwamba zimepatikana kutoka mzigo ulioibwa na Wahindi Wekundu. Karibu miaka miwili, kwa nauli ya siku kumi.

Upande wa fedha hali ilikuwa mbaya kuliko jangwani. Kandarasi haikuja. Kifupi cha jina la kampuni tanzu iliyoendesha posta kilianza na herufi C.O.C., na wafanyakazi waliokaa miezi bila mshahara waliifafanua kwamba kampuni imekauka kabisa. Kwenye kituo cha Rock Creek, Nebraska, David McCanles aliiuzia kampuni mahali hapo kwa malipo ya awamu. Julai 12, 1861 alikwenda kudai awamu iliyochelewa, akapigwa risasi akafa, na wenzake wawili pia. Kijana aliyehusishwa na mauaji hayo, James Butler Hickok, alikuwa mtunza wanyama kituoni. Baadaye magazeti na vitabu vya senti kumi vilimgeuza Wild Bill, mpambanaji wa genge la wahalifu. Deni halikutajwa.

Russell alitafuta fedha Washington. Waziri wa Vita, John Floyd, alikuwa ameshampa hati za ahadi ya malipo ya kazi ambazo jeshi lilikuwa halijafanyiwa, na mabenki yakaanza kuzikataa. Akatokea karani wa Wizara ya Mambo ya Ndani, Godard Bailey, mwenye uhusiano wa ndoa na ukoo wa Floyd, akamkopesha hati fungani zilizokuwa katika sefu la ofisi yake. Hazikuwa zake, wala hazikuwa za serikali hasa. Zilikuwa mali ya amana iliyotunzwa kwa niaba ya makabila ya wenyeji waliouza au kunyang'anywa ardhi zao. Kufikia mwisho zilizotoka zilikuwa za dola 870,000. Bailey akakiri, na Desemba 24, 1860 Russell akakamatwa New York. Floyd alijiuzulu kabla mwezi haujaisha. Kesi ilifutwa kwa hoja ya kisheria, ila jina la Russell halikuinuka tena. Kwa hiyo posta iliyokalia chemchemi za Wapaiute ilikuwa, kwa sehemu, ikisukumwa na mali ya wenyeji wengine wasiojua kwamba imetolewa rehani.

Ajabu ni kwamba hoja ya Russell ilishinda. Hotuba ya Abraham Lincoln ya kuapishwa, Machi 1861, ilikimbizwa hadi California kwa siku saba na saa 17, kasi ambayo haikurudiwa. Majimbo ya kusini yalikuwa yanajitenga na njia ya Butterfield ilipita katikati yao. Machi 2, 1861 Kongresi iliihamishia posta njia ya katikati kwa kandarasi ya dola milioni moja kwa mwaka. Ila iliipa kampuni ile ile ya Butterfield, ambaye mwenyewe alikuwa ameshaondolewa uongozini; watu wa Russell wakaambulia kipande cha mashariki kwa kandarasi ndogo. Bei ya barua ikashushwa, hadi dola 1 kufikia Julai.

Kwa wakati huo nguzo za simu ya maandishi zilikuwa zikisimikwa kutoka pande zote mbili, kwa ruzuku ya dola 40,000 kwa mwaka iliyopitishwa Juni 1860, wakati Pony Express ina umri wa miezi miwili na nusu. Mafundi wa Edward Creighton walitoka Nebraska, wengine wakatoka Nevada, na matarishi walipita kati ya ncha mbili za waya zilizosogeleana kila wiki. Zikakutana Salt Lake City Oktoba 24, 1861, na Jaji Mkuu wa California, Stephen Field, akamtumia Lincoln salamu za utii. Siku mbili baadaye Pony Express ikatangaza kufunga. Ilikuwa imepeleka barua zisizopungua 34,000 na kupoteza kama dola 200,000.

Husemwa kwamba iliiokoa California isijitenge. Sioni hivyo. Iliwapa watu wake magazeti ya vita mapema, jambo kubwa, lakini wengi wao walikuwa upande wa Lincoln kabla ya farasi kufika. Hata lile tangazo maarufu la kazi linalotaka vijana wembamba wasio na ndoa, na yatima wapewe nafasi ya kwanza, halijapata kuonekana katika gazeti lolote la 1860. Limechapwa kwenye vikombe na fulana nyingi kuliko karatasi ya wakati wake.

Aliyeifanya posta hii iwe hadithi ya dunia ni William Cody, Buffalo Bill. Kuanzia 1883 kila onyesho lake lilikuwa na tarishi anayebadilisha farasi mbele ya watazamaji, na 1887 alilipeleka hadi London mbele ya Malkia Victoria. Cody alidai kwamba akiwa na miaka 14 alienda kilomita 518 kwa mkupuo mmoja. Watafiti waliofuatilia nyaraka wanaona kwamba wakati huo kwa sehemu kubwa alikuwa na mama yake Leavenworth, Kansas, akihudhuria shule. Kazi aliyoifanya kwa kampuni ile ni ya kukimbiza ujumbe mjini, 1857.

Russell na Waddell walifariki 1872, wote wawili wamefilisika. Majors, mzee wa dini aliyekuwa akiwaapisha waajiriwa kwa Biblia kwamba hawatatukana wala kulewa, aliishi hadi 1900. Cody alimkuta Denver katika hali ya ufukara, anaandika kumbukumbu zake, akamlipia mhariri na kusaidia kitabu kichapwe mwaka 1893. Dibaji ni ya Cody. Na ndani ya kurasa hizo, mwajiri wa zamani ameisimulia safari ya yule mvulana wa miaka 14 kama jambo lililotokea.